LL-37: Askari wa mwili anayeweza kuisaidia saratani ya mapafu

Mwilini mwako kuna silaha ndogo sana inayoitwa LL-37. Inaua bakteria na inasaidia vidonda kupona. Maabara, imeonekana pia ikidhoofisha seli za saratani ya tumbo na ya utumbo mpana. Si ajabu kwamba kuna watu wanaiuza mtandaoni.

Lakini ukifika kwenye mapafu, mambo yanageuka. Huko, kiasi kidogo tu cha LL-37 kinaweza kuzifanya seli za saratani ziongezeke.

LL-37 ni nini hasa?

Ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. Jina lake halina siri: ina asidi amino 37, na mbili za mwanzo ni leusini, ambayo wanasayansi huiandika kwa herufi L.

Hutengenezwa na chembe nyeupe za damu na seli zilizotanda ndani ya njia ya hewa. Peptidi hii ina chaji chanya, wakati ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi. Vinavutana, LL-37 inajipenyeza na kuitoboa ngozi hiyo, bakteria anavuja na kufa.

Kazi ya pili: fundi

Njia ya hewa ikichubuka, LL-37 huziambia seli zigawanyike na kuziba palipoumia. Njia mojawapo ni kuwasha EGFR, kipokezi kilichopo juu ya seli. Kichukulie kama swichi: ikiwaka, seli inapata amri ya kukua.

Tatizo ni kwamba saratani nyingi za mapafu zinaitumia swichi hiyo hiyo. Ndiyo maana kuna dawa kama gefitinib na osimertinib, zinazoizima kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una mabadiliko kwenye jeni ya EGFR.

Maabara walikuta nini?

Mwaka 2008, watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo kwenye jarida la *Lung Cancer*. Waligundua kwamba seli za saratani ya mapafu zenyewe zinatengeneza LL-37. Walipoziongezea kiasi kidogo, EGFR iliwaka na seli zikaongezeka.

Kisha wakahamia kwa panya. Seli za saratani zilizotoa LL-37 kwa wingi zilikuza uvimbe mkubwa kuliko zile zilizotoa kiasi cha kawaida. Fundi yule yule, ila sasa anamjengea adui nyumba.

Si ikiwa nyingi inaua?

Ndiyo, kiwango kikubwa kinatoboa hata seli za saratani. Shida ni kwamba kikifika huko, kinaumiza na seli nzima za jirani. Kuua seli kwenye kisahani cha maabara ni rahisi. Hata jiki inaweza. Kazi ngumu ni kuua saratani na kumwacha mgonjwa salama.

Hili linakuhusu vipi?

Saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi kuliko saratani nyingine zote duniani: takriban milioni 1.8 kwa mwaka 2022. Mgonjwa aliyekata tamaa ni rahisi kushawishika na tangazo linalosema "imethibitishwa maabara".

LL-37 haijaidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Kwa hiyo ukikutana na tangazo la namna hiyo, uliza maswali matatu: Ni saratani ya aina gani? Ni kiwango gani? Je, imejaribiwa kwa watu au kwenye kisahani tu?

Na kama wewe au ndugu yako mnakohoa zaidi ya wiki tatu, au makohozi yana damu, msianzie mtandaoni. Anzieni hospitali.