Yoti zikija Kipini, pesa zitashuka wapi?

Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji mtu wala chama. Tunaangalia hoja tu. Ya leo wengi mmeisikia redioni, mikutanoni, hata mazishini: ati Tana River tuna mto, tuna bahari, Lamu iko jirani, kwa hivyo kilichobaki ni kuwavuta wale matajiri wanaozunguka visiwa vya Ugiriki na Italia kwa yoti. Watie nanga Kipini, na kijana wa Garsen apate kazi.

Si hoja ya kuchekwa. Mji wa Garsen uko mtoni, lakini eneo bunge la Garsen linafika baharini, kwenye wadi za Kipini. Tuna magofu ya Ungwana wa Mashaha, mji wa Waswahili wa zamani kuliko nyumba nyingi ambazo watalii hulipa kuziona Ulaya. Delta yetu, hekta 163,600, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia mwaka 2012. Vitu vya kuonyesha tunavyo. Shida yangu iko kwa neno moja tu: yoti.

Likizo ya yoti huko Mediterania huuzwa kwa wiki. Mgeni analipa bei ya kukodi chombo. Halafu anaweka pesa nyingine kando, mara nyingi kama asilimia 30 ya hiyo bei, za mafuta, chakula, vinywaji na ada za bandari. Halafu kuna VAT ya nchi husika. Sasa zifuateni hizo pesa. Fungu kubwa, lile la kukodi, linaenda kwa mwenye chombo na dalali wake, ambao wanaweza kuwa London au Monaco. Chombo chenyewe huenda kimesajiliwa Malta au Visiwa vya Cayman. Nahodha, mpishi na mtandika vitanda wamekuja nacho. Mgeni analala ndani, anakula ndani, anaogelea pale pale kando ya chombo. Yaani hoteli imekuja na vyumba vyake, jikoni lake na wafanyakazi wake, na ikichoka na nyinyi inang'oa nanga.

Kisiwa basi kinapata wapi? Kwenye gati. Pale ndipo yoti inalipa kuegesha, inajaza maji na mafuta, inaunganisha umeme, inatafuta fundi, inanunua samaki na nyanya, na jioni wageni wanashuka kula mjini. Bila gati wanapiga picha ya machweo kutoka mbali na asubuhi hawapo.

Na Kipini, tuseme ukweli, si Ugiriki. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya na unabeba tope kutoka juu huko hadi Ghuba ya Ungwana. (Kwanza huo mdomo wa Kipini wenyewe ni kazi ya mikono: maji mengi yanapita hapo kwa sababu ya mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi kwa ajili ya biashara. Babu zetu walijua kuleta vyombo.) Ghuba ni pana lakini maji si ya kina, na mafungu ya mchanga hayakai mahali pamoja. Mashua yetu inapita. Yoti yenye mkuku mrefu chini itakwama. Tena wakati wa kusi bahari huchafuka, na kusi inashika miezi ile ile ambayo Mediterania ni msimu. Kwa hivyo anayeahidi yoti anaahidi pia gati, kuchimba mchanga na kuendelea kuuchimba kila baada ya muda, maana mto hauachi kuleta. Hiyo gharama sijasikia ikitajwa jukwaani.

Sasa tuje kwa mapato ya kaunti, maana hapa ndipo watu huzungushwa sana. Utasikia "tutawatoza ushuru hao mabilionea". Nani atawatoza? Katiba, Ibara ya 209, imempa serikali kuu peke yake kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine ikiwa Bunge litaidhinisha kwa sheria. Pia inaweza kutoza ada kwa huduma inayotoa. Ile tozo ya utalii ya asilimia 2 ambayo hoteli hulipa inaenda kwa mfuko wa kitaifa. Kwenye Jedwali la Nne, feri na bandari ndogo ni kazi ya kaunti, na utalii wa mtaani pia, lakini usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa umeondolewa humo. Ukiunganisha yote: kaunti itapata pesa kwa yoti pale tu ilipojenga kitu cha kulipiwa. Hakuna gati, hakuna ada.

Msidhani ni Kenya tu. Mwaka 2025 Ugiriki ilianza kutoza abiria wa meli kubwa za kitalii wanaoshuka Mykonos na Santorini, hadi yuro 20 kwa kichwa msimu ukiwa juu. Ni serikali ya nchi iliyoweka, kwa sheria ya nchi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya pesa, nalo ni ardhi. Mahali pazuri pa gati huwa ndipo pazuri pa diko la wavuvi. Ibara ya 62 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, inashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Kwa hivyo mtu akija na hatimiliki ya ploti ya ufukweni akakuambia mvuvi asipite pale majini yanapopwa, muulize hiyo hati inaishia wapi. Tena kupanda na mto kuna mashamba ya Wapokomo, na kuna malka, zile njia ambazo Waorma na Wawardei huteremshia ng'ombe kwenda kunywa. Zaidi ya watu 100 walikufa kwenye mapigano ya 2012 kuingia 2013, na ardhi na maji vilikuwa ndani ya ule ugomvi. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta ifanywe na wananchi wakishirikishwa. Mpango ulizinduliwa 2015. Mradi wa kifahari ukija, jambo la kwanza ni kuuliza uko wapi kwenye ramani ya huo mpango.

Mtu ataniambia, wewe wapinga utalii. La. Angalieni Lamu. Mgeni akikodi jahazi, nahodha ni wa huko, mpishi ni wa huko, samaki amenunuliwa kwa mvuvi njiani, jahazi limetengenezwa na fundi wa kisiwani, na tanga likiraruka linashonwa hapo hapo. Mgeni huyo si bilionea, lakini pesa yake inapita mikono mitano kabla ya kuondoka. Jahazi halihitaji kuchimbiwa mchanga, na barabara ya lami kutoka Minjila hadi upande wa Lamu tayari ipo. Safari ya Kipini, Kau, Ozi na magofu ya Ungwana inaweza kuanza na gati la mbao, choo safi na vijana wenye leseni na majaketi ya kuokolea.

Kwa wanaotaka kufuatilia: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, na mkakati wa kifedha kufikia Februari 28. Kila mwananchi ana haki ya kuomba nakala. Ukipata, tafuta neno Kipini, kisha angalia kando yake kama kuna tarakimu.