Karani Akitafuta Jina la Jirani

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, hupokea wagonjwa kutoka Pangani, Muheza, Mkinga na hata milima ya Lushoto. Katika hospitali ya ngazi hiyo, karani wa mapokezi huhitaji jina na namba ya faili, mhasibu huhitaji bili, na daktari huhitaji historia yote ya ugonjwa. Rekodi zikishaingia kwenye kompyuta, watatu hao wanaweza kuandika jina lilelile, na kila mmoja anastahili jibu lake.

Hapo ndipo penye kazi. Mtambo wa kutafuta hausomi mafaili upya kila unapoulizwa. Huyasoma mapema na kujitengenezea faharasa inayoonyesha neno gani limo katika faili lipi. Faharasa hiyo imeshapita kila mahali, hata kwenye siri.

Mafundi wengi huvutiwa na njia nyepesi: tafuta kwanza, kisha ondoa yasiyoruhusiwa kabla ya kuonyesha majibu. Njia hiyo huvuja. Mwaka 2005, Stefan Büttcher na Charles Clarke wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walithibitisha kwamba kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mfumo unaochuja mwishoni humwezesha mtumiaji yeyote kung'amua yaliyomo katika mafaili asiyoruhusiwa kuyasoma. Tatizo ni hesabu. Mtambo huyapanga majibu kwa kupima neno limetokea katika mafaili mangapi, na katika kuhesabu huko huyajumlisha hata yale yaliyofichwa.

Mara nyingine hata hesabu hiyo haihitajiki. Karani wa mapokezi akiandika jina la jirani yake pamoja na neno ARV (dawa za UKIMWI), kisha kioo kikamjibu "faili 1 limepatikana, huna ruhusa", ameshajua alichotaka kujua. Faili halikufunguliwa, lakini siri imetoka, na Tanzania ina sheria ya UKIMWI tangu mwaka 2008 inayolinda usiri wa majibu ya vipimo.

Dawa yake ni kuiweka ruhusa ndani ya faharasa yenyewe, ili mtambo uhesabu, upange na upendekeze maneno kutokana na mafaili ya muulizaji tu. Ni kazi ya kudumu: muuguzi akihamishiwa Pangani leo, ruhusa zake za Bombo zifutwe leo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo anayenunua mfumo wa hospitali ana haki ya kudai jaribio moja mbele ya muuzaji: jina lililokatazwa lijibiwe sawasawa na jina lisilokuwepo kabisa. Hata hivyo, daktari wa zamu aliyepokea majeruhi usiku awe na mlango wake wa dharura, atakaoufungua kwa kuandika sababu, na jina lake na saa vibaki kwenye kumbukumbu.