Dawa za Maumivu Makali katika Vituo vya Afya vya Butembo na Beni

Opioidi ni jamii ya dawa zinazotokana na afyuni, au zilizotengenezwa maabara zikafanya kazi kama afyuni, nazo hutuliza maumivu ya saratani, ya jeraha la risasi na ya upasuaji pale parasetamoli inaposhindwa. Lakini nguvu hiyohiyo hupunguza pumzi, hata dozi kubwa, au ndogo iliyochanganywa na pombe au diazepamu, ikaweza kumwua mgonjwa usingizini.

Nchini Marekani, ambako opioidi ziliua watu takriban 80,000 mwaka 2021, miongozo ya kuandika dawa hizo kwa uangalifu huelekezwa hasa kwa madaktari. Katika kituo cha afya cha Butembo au Beni, miji ya mashariki mwa Kongo, hata hivyo, anayempima mgonjwa na kumwandikia dawa kwa kawaida ni muuguzi, na wagonjwa wengi hupitia kwanza duka la dawa, kwa hiyo mafunzo yanayowaita madaktari peke yao yanamwacha nje mwenye kushika kalamu.

Opioidi ya kuangaliwa kwanza ni tramadoli, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977. Kwa kuwa haimo katika orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, unaodhibiti opioidi kama mofini, huvuka mipaka kwa wepesi, na wepesi huo umewafanya watu wengi wadhani kuwa haina madhara. Ukweli ni kwamba ikizidi huleta degedege, na kwamba miili ya baadhi ya watu huigeuza haraka mno kuwa kemikali kali zaidi, jambo lililoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani kuikataza mwaka 2017 kwa watoto wa chini ya miaka 12. Muuguzi anayeuliza habari za kifafa, pombe na dawa nyingine, akaandika dozi ya siku chache tu, isiyozidi miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na kumweleza mgonjwa kwa nini asimgawie jirani, amekwisha kuzuia sehemu kubwa ya hatari.

Tahadhari hiyo isigeuke woga. Beni imezika na kuuguza watu wengi tangu mauaji ya raia yaliyoanza huko Oktoba 2014, na kumnyima mofini majeruhi, au mgonjwa wa saratani aliye mwishoni, kwa kuhofia uraibu, ni ukatili. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, Uganda ilichagua njia nyingine: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuiandika wenyewe. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye kitivo cha udaktari, ambacho kingeweza kuwafundisha wauguzi wa vituo namna ya kuandika mofini kwa usalama, pamoja na matumizi ya naloksoni, dawa inayorudisha pumzi iliyozimwa na opioidi.