Baiskeli ya Umeme na Waendao kwa Miguu Ufukweni Mbezi

Nyakati za jioni, hasa Jumamosi na Jumapili, wakazi wa Mbezi Beach hushuka pwani kutembea, kukimbia polepole kwa ajili ya afya, na kucheza na watoto. Njia yao haikujengwa na mhandisi yeyote. Ni ule ukanda wa mchanga mgumu ulio baina ya mchanga mkavu wa juu na ukingo wa maji. Baiskeli nazo hupita hapo hapo, kwani katika mchanga mkavu gurudumu huzama. Sasa baiskeli ya umeme imekwisha kuonekana mjini Dar es Salaam, na swali la nani apite wapi, na kwa kasi gani, yafaa liulizwe kabla mtoto hajavunjika mguu. Kwa sehemu kubwa ni swali linalojibika kwa fizikia ya shule ya sekondari.

Chombo chenyewe si kipya kama wengi wadhanivyo. Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota katika gurudumu la nyuma mwaka 1895. Kilichochelewa ni betri iliyo nyepesi. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli yenye kipimo kinachohisi nguvu ya mguu juu ya pedeli, kisha mota huongeza nguvu yake kwa kadiri hiyo. Aina ya pili haihitaji mguu kabisa: mpandaji huzungusha mkono wa usukani kama afanyavyo mwendesha pikipiki. Tofauti hiyo ni kubwa, na wauzaji hawaitaji kila mara. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250 na huacha kusaidia kasi ifikapo kilometa 25 kwa saa. Mtu mwenye afya aweza kutoa yapata wati 100 kwa muda mrefu. Hivyo wati 250 ni kama watu wawili na nusu waliojificha ndani ya gurudumu.

Tuchukue mfano. Mpandaji wa kilo 70 amepanda baiskeli ya kawaida ya kilo 15, naye aenda kilometa 15 kwa saa, yaani meta 4.2 kwa sekunde. Nishati-mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi ya mraba, na hapa ni karibu jouli 740. Mpe baiskeli ya umeme ya kilo 25 na kasi ya kilometa 25 kwa saa: nishati-mwendo yawa karibu jouli 2,290. Kasi haikufika hata maradufu, bali nishati imezidi mara tatu. Kwa namna nyingine, kugongana na kitu kwa kasi ya kwanza ni kama kuanguka kutoka kimo cha meta 0.9, ambacho ni kimo cha meza. Kwa kasi ya pili ni kama kuanguka kutoka meta 2.5, yaani juu ya ukuta wa nyumba.

Umbali wa kusimama nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Tukichukua kwamba mpandaji hutumia sekunde moja kutambua hatari kabla ya kubana breki, na kwamba juu ya lami kavu baiskeli hupunguza kasi kwa meta 4 kwa sekunde katika kila sekunde, basi wa kilometa 15 husimama baada ya meta 6.3, na wa kilometa 25 baada ya meta 13. Lakini njia nyingi zishukazo pwani kutoka Barabara ya Bagamoyo ni za udongo uliofunikwa mchanga. Hapo msuguano ni mdogo. Tukiupunguza uwezo wa breki kwa nusu, umbali wawa meta 8.5 kwa yule wa kwanza na meta 19 kwa yule wa pili. Meta 19 ni mbali. Kwenye kona yenye ukuta na maua, mpandaji huona mbele chini ya hapo.

Ufukoni kwenyewe upana wa njia huamuliwa na mwezi. Mchanga uliolowana huwa mgumu kwa sababu utando mwembamba wa maji hushika chembe pamoja kwa mvutano wa uso wake; ukikauka, chembe huteleza, na ukizidi maji, huelea. Kwa hiyo ukanda mzuri hufuata maji yanapokupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Basi jioni ile ile watu watokapo kazini, njia imemezwa! Wote husongamana juu, kwenye mchanga ulegeao, mahali ambapo wa baiskeli ya kawaida hushuka na kusukuma, ilhali mwenye mota na matairi mapana huongeza nguvu na kupenya. Saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo maji yamekupwa, na nafasi ni tele: baiskeli zingeweza kupita upande wa bahari na watembeao upande wa nchi kavu, ingawa maji ya chumvi ni adui wa mota na mnyororo. Wakati wa maji mafu mambo ni ya katikati.

Jambo la tatu ni ukimya. Yeyote aliyetembea kando ya Barabara ya Bagamoyo, tuseme kati ya Tangi Bovu na Afrikana, amepata kukwepa bodaboda iliyoacha lami. Aliisikia ikija. Baiskeli ya umeme haisikiki, sembuse palipo na mawimbi na upepo. Mtembeaji wa kilometa 5 kwa saa afuatwaye na baiskeli ya kilometa 25 hufikiwa kwa tofauti ya kilometa 20 kwa saa. Ikiwa ahitaji sekunde tatu kusikia kengele, kugeuka na kupisha, kengele hiyo sharti ilie meta 17 nyuma yake. Mpandaji akipunguza hadi kilometa 10 kwa saa, meta 4 zatosha.

Ndiyo maana naona kupiga marufuku mota ufukoni si jawabu. Kijana wa baiskeli ya kawaida ateremkaye mlima kwa kilometa 35 kwa saa ni hatari kuliko mzee aendaye polepole kwa msaada wa betri, na mzee huyo pengine asingefika pwani bila betri hiyo. Kinachopasa kuwekewa mpaka ni kasi mahali penye watu, pamoja na ile aina isiyohitaji pedeli, ambayo kwa tabia yake ni pikipiki. Uholanzi, nchi ya baiskeli, ilifanya hivyo mwaka 2017: baiskeli za umeme ziwezazo kufikia kilometa 45 kwa saa ziliingizwa katika fungu la pikipiki ndogo, na wapandaji wake wakalazimika kuvaa kofia ya kinga. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambapo hakuna aliyewaza chombo hiki.

Mwalimu wa fizikia aliye karibu na pwani aweza kuyahakiki haya bila maabara. Wanafunzi wapime meta 50 kwa kamba, waweke vijiti viwili, na wahesabu sekunde za kila baiskeli ipitayo. Kisha, mahali pasipo na watu, mmoja wao aliyevaa kofia ya kinga abane breki kwenye mstari, kwanza juu ya mchanga uliolowana, halafu juu ya udongo wenye mchanga, na wenzake wapime alama ya tairi. Wakirudia siku ya pili, wachelewe kama dakika 50, ili wayakute maji pale pale walipoyaacha.