Ulegezaji wa Udhibiti na Usafiri wa Anga Nchini Tanzania, 1977–2018

Utangulizi

Ulegezaji wa udhibiti katika usafiri wa anga ni hatua ya serikali kupunguza mamlaka yake ya kuamua ni kampuni gani irushe ndege, katika njia ipi na kwa nauli gani. Udhibiti wa usalama haumo katika hatua hiyo. Huo hubaki mikononi mwa dola. Makala haya yanafafanua namna sera hiyo ilivyobadili usafiri wa ndege nchini Tanzania. Hoja yake ni kwamba kufunguliwa kwa soko peke yake hakukutosha kumhakikishia abiria nauli nafuu.

Kutoka Ukiritimba hadi Ushindani

Hadi mwaka 1977, Tanzania, Kenya na Uganda zilimiliki kwa pamoja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi iliunda shirika lake. Shirika la Ndege Tanzania lilikabidhiwa jukumu la kuunganisha mikoa, zikiwamo njia zisizo na faida.

Mageuzi ya kiuchumi yaliwafungulia mlango wawekezaji binafsi, na mwaka 1993 Precision Air ilianzishwa Arusha. Mwaka 2002 Serikali iliiuzia South African Airways asilimia 49 ya hisa za shirika la taifa, lakini ubia huo ulivunjika mwaka 2006. Novemba 2012 iliingia fastjet, iliyotangaza nauli za kuanzia Sh. 32,000 kabla ya kodi. Nauli hizo zilimlenga hata abiria wa basi la Mwanza, ambaye husafiri zaidi ya kilomita 1,000 barabarani. Hata hivyo, katika mfumo huo nauli hupanda kadiri viti vinavyopungua na siku ya safari inavyokaribia. Kwa hiyo, unafuu humfikia zaidi anayeweza kupanga safari mapema kuliko anayewahi msiba au mgonjwa.

Dola kama Mwamuzi na Mshindani

Mwaka 2016 Serikali ilinunua ndege mbili aina ya Bombardier Q400 na kuanza kulifufua shirika la taifa. Ndege hizo zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali na kukodishwa kwa shirika hilo, ilhali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, chombo cha Serikali hiyo hiyo, ndiyo inayotoa leseni kwa washindani wake. Mwishoni mwa 2018 fastjet ilisitisha safari zake nchini. Kuondoka huko hakuwezi kuelezwa kwa kurejea kwa dola pekee, kwani kampuni hiyo ilikuwa na matatizo ya fedha ya muda mrefu. Aidha, ufufuaji huo uliimarisha huduma katika miji kama Kigoma na Bukoba, ambako soko ni dogo.

Hitimisho

Inabainika kwamba dola haikuondoka sokoni, bali ilibadili nafasi yake. Hivyo basi, mafanikio ya sera yapimwe kwa nauli na idadi ya washindani katika kila njia, si kwa wingi wa leseni zilizotolewa.