Wangapi kati ya wangapi? Kinachomngoja mwanafunzi wa epidemiolojia kutoka Kisii na Nyamira

Katikati ya mwaka 2002 malaria ilipanda kwa kasi katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Wilaya za Kisii ya Kati, Gucha, Kericho na Nandi zote zilikuwa na wagonjwa wengi, na mzazi aliyempakata mtoto mwenye homa hakuwa na haja ya kuuliza hali ile iitwe nini. Mwaka uliofuata Simon Hay na wenzake walichapisha tathmini ya wilaya hizo nne katika jarida la Lancet. Walieleza kwamba Nandi na Kericho mvua ilikuwa imezidi mno, na huko kulitokea mkurupuko wa kweli. Kisii ya Kati na Gucha mvua ilikuwa ya kawaida, na ongezeko la wagonjwa lilikuwa lile ambalo hurudi kila msimu.

Tofauti hiyo ina uzito. Ugonjwa ukizuka ghafla na kuzidi kiwango kilichozoeleka, unahitaji msaada wa dharura. Ukirudi kila mwaka baada ya mvua ya masika, unahitaji dawa, vipimo na wauguzi waliokwisha kupangwa kabla mvua haijaanza. Tathmini hiyo ilisema mambo mengine yasiyopendeza: utabiri wa hali ya hewa wa msimu haukuiona mvua ile kubwa ikija, takwimu za mvua iliyokwisha kunyesha ndizo zilizotoa onyo la mapema, hesabu za kila mwezi za wagonjwa wa nje hazikutoa onyo lenye manufaa, na rasilimali za ziada zilichelewa kufika, kisha zikatawanywa huku na huku.

Kijana wa Ogembo, Keroka au Nyansiongo anayefikiria shahada ya uzamili ya afya ya umma katika epidemiolojia aanzie kwenye kisa hicho, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Wengi hudhani watakwenda kujifunza virusi na dawa. Vipo, lakini kwa kiasi kidogo. Sehemu kubwa ya masomo ni kuhesabu kwa haki na kulinganisha kwa haki: nani ameugua, wapi, lini, na kati ya watu wangapi.

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, hata na sisi waandishi wa habari. Tuseme wiki moja Kaunti ya Kisii imeripoti wagonjwa 100 wa homa ya matumbo na Nyamira 60. Kichwa cha habari kitaitaja Kisii. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ukigawanya, Kisii ina wagonjwa karibu 8 kwa kila watu 100,000, na Nyamira karibu 10. Mzigo mzito uko Nyamira. Hata hapo mwanafunzi hajamaliza, maana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hupokea wagonjwa kutoka Nyamira na kaunti nyingine jirani. Kama mgonjwa wa Nyamira ameandikwa Kisii kwa sababu ndiko alikotibiwa, hesabu zote mbili zimeharibika.

Mwaka wa kwanza, basi, tarajia takwimu, na takwimu nyingi. Aliyeachana na hisabati kidato cha nne ataona giza kwa wiki kadhaa, kisha mwanga huja. Atafundishwa kutumia programu ya kompyuta kama R, ambayo haina malipo, au Stata, ambayo hununuliwa. Ushauri wangu ni kwamba asikimbilie programu. Kompyuta haimwambii mtu kama swali lake ni la maana.

Chukua zahanati ya kubuni karibu na Keroka. Katika wiki ya pili ya Juni, kwa miaka mitano mfululizo, ilithibitisha wagonjwa wa malaria 18, 25, 22, 31 na 27. Zipange namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa: 18, 22, 25, 27, 31. Ya nne, yaani 27, ndiyo kizingiti cha tahadhari kwa mojawapo ya njia zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka huu wakipatikana wagonjwa 29, simu ipigwe. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na karatasi, na muuguzi yeyote anaweza kuifanya ukutani mwa chumba chake.

Ugumu unaanza pale unapoliuliza daftari lenyewe kama linasema kweli. Kabla ya vipimo vya haraka vya malaria kuenea, homa nyingi ziliandikwa malaria bila damu kupimwa. Mtafiti anayelinganisha wagonjwa wa mwaka 2003 na wa mwaka 2018 bila kulikumbuka hilo atatangaza ushindi ambao kwa sehemu ni wa kipimo, si wa chandarua. Kuna pia mashimo katika takwimu. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakafuata, kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Ukichora mstari wa wagonjwa wa miezi hiyo katika mfumo wa taarifa za afya ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, unaweza kuona umeporomoka. Malaria haikuwa imekwisha. Watu waliugulia nyumbani, au walikwenda kwenye duka la dawa, na hakuna aliyewaandika. Profesa mzuri humrudisha mwanafunzi kwenye mambo haya mara kwa mara, na mwanafunzi asichoke.

Kisha huja kulinganisha. Mwaka 1999 na 2000, katika Wilaya ya Gucha ya wakati huo, Helen Guyatt na wenzake, akiwamo Robert Snow, walipima njia mbili za kuzuia malaria: kunyunyizia dawa ukutani ndani ya nyumba, na kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Kunyunyizia kulipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 75, chandarua kwa takriban asilimia 63. Kwa gharama pia, kunyunyizia kulikuwa nafuu katika mazingira yale. Mwanafunzi hufundishwa asimeze namba hizo kabla hajauliza maswali yake. Je, waliolala ndani ya chandarua na wasiolala walifanana kwa kipato, kwa umri, kwa umbali kutoka bondeni? Kama mwenye chandarua pia ana nyumba iliyozibwa vizuri chini ya mapaa, ni kipi kilichomkinga? Sehemu hii ya masomo ndiyo inayombadilisha mtu. Akitoka hapo hasomi tena tangazo la dawa ya mitishamba, wala la kampuni kubwa ya dawa, kwa macho yale ya zamani.

Kwa mwanafunzi wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, mahali penyewe ni maabara. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kimelea cha malaria kinachoua zaidi, falsiparamu, huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Joto likiwa nyuzi 28 za Selsiasi huchukua kama siku 9. Likiwa nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki tatu, na mbu wengi hufa kabla. Ndiyo sababu joto likipanda kidogo tu milimani, maisha ya wengi hubadilika.

Andrew Githeko wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na wenzake waliongeza jambo ambalo mimi naliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri zaidi yaliyoandikwa kuhusu malaria ya milimani. Walilinganisha Iguhu na Emutete, upande wa Kakamega na Vihiga, na sehemu nyingine ikiwamo Marani, katika Kisii. Mabonde ya Iguhu na Emutete ni mapana, maji hutuama chini na mbu huzaana kwa muda mrefu. Watu huumwa na mbu mara nyingi, na miili yao hujenga kinga kiasi. Bonde la Marani ni jembamba, maji hukimbia upesi. Watu huumwa mara chache, kinga ni ndogo, na ukija mwaka wa joto na mvua isiyo ya kawaida ugonjwa huwapiga wakubwa kwa wadogo. Umbo la bonde, basi, huamua ni kijiji kipi kitazamwe kwanza. Mwanafunzi anayetoka huko ameyajua mabonde hayo tangu utotoni. Anajua wapi wanachimba udongo wa matofali na mashimo hubaki na maji juani, ambako mbu wa malaria hupenda kutaga. Ujuzi huo hauuzwi chuoni, na autumie.

Autumie pia katika kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 6 ya watoto nchini, lakini asilimia 19 katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambao uko mlangoni mwa Kisii. Mfanyabiashara wa ndizi anayelala Homa Bay siku mbili kila wiki huenda ameambukizwa huko, si nyumbani. Dodoso lisilouliza mtu alilala wapi katika wiki mbili zilizopita litamlaumu mbu wa Nyamira kwa kosa la mbu wa ziwani. Na dodoso hilo sharti litafsiriwe kwa Ekegusii, kisha mtu mwingine alirudishe kwenye lugha ya awali ili ionekane kama maana imebaki. Mzee wa miaka 80 hawezi kukubali kutolewa damu kwa maelezo asiyoyaelewa, na ridhaa ya namna hiyo si ridhaa.

Mwanafunzi atakutana pia na mabishano ambayo hayajawahi kuwa mepesi. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema kupanda kwa malaria Kericho hakuwezi kuelezwa na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walirudia takwimu za joto za eneo hilo na kuona kwamba joto lilikuwa limepanda. Katika miaka ambayo malaria ilikuwa ikipanda, dawa ya klorokwini nayo ilikuwa imepoteza nguvu, hata Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Nani yuko sahihi? Darasani utatakiwa kuzisoma hoja zote, uonyeshe kila moja inasimama juu ya nini, na ukubali kwamba sababu zinaweza kuwa zaidi ya moja.

Mwaka wa pili ni wa tasnifu, na hapa nawaonya wasomaji kwa dhati. Kwenye karatasi shahada ni ya miaka miwili, lakini wengi huvuka. Pendekezo la utafiti hurudishwa na msimamizi mara kadhaa. Likipita, huenda kwa kamati ya maadili. Kisha unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, halafu ruhusa ya kaunti. Anayeanza kuandika pendekezo muhula wa kwanza humaliza mapema kuliko anayengoja masomo ya darasani yaishe.

Vyuo vipo. Maseno, Moi, Kenyatta na Jomo Kenyatta hufundisha afya ya umma kwa ngazi ya uzamili. Kwa aliye tayari kazini katika afya ya watu au mifugo au katika maabara, kuna mpango wa epidemiolojia ya nyanjani ulioanzishwa na Wizara ya Afya mwaka 2004 kwa ushirikiano na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Mipango ya aina hii hufuata mfano ulioanzishwa Marekani mwaka 1951 na Alexander Langmuir: mwanafunzi hukaa darasani takriban robo ya muda na kazini robo tatu. Mimi naupendelea mtindo huo bila kusita. Mwaka huohuo wa 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaletea ugonjwa watu 317 mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wazima wa maeneo yaleyale, wakabaini kwamba mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu ndiyo yaliyoongeza hatari. Hakuna darasa linaloweza kumpa mtu uzoefu huo.

Kuhusu ajira, nisimdanganye mtu. Kazi nyingi za utafiti na ufuatiliaji wa magonjwa nchini zililipwa kwa fedha za Marekani. Mwaka 2025 shirika la USAID lilifungwa, na mpango wake wa tafiti za idadi ya watu na afya, ambao Kenya iliutegemea kwa miongo, ulisimamishwa Februari mwaka huo. Nafasi zimepungua. Kazi yenyewe haijapungua hata kidogo, na tangu mwaka 2013 afya iko mikononi mwa kaunti.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, muulize mkuu wa idara maswali matatu: wanafunzi wangapi, kati ya wangapi walioanza, wamemaliza kwa wakati, wanakaa nyanjani miezi mingapi, na nani anasimamia tasnifu kama msimamizi wako akihama. Na kwa serikali za Kaunti za Kisii na Nyamira: waajirini vijana hawa, wapeni daftari za zahanati zenu wazichambue kila wiki, na waanze kazi kabla ya mvua za Machi.