Ekari za Kongwa

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa bado wanapata mafuta ya kula kwa mgao, na Frank Samuel wa United Africa Company akaiambia serikali yake kwamba dawa ni karanga za Tanganyika. Ujumbe wa uchunguzi uliotumwa chini ya John Wakefield uliizunguka nchi kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, katika mkoa wa leo wa Dodoma, ikapangiwa kuanza.

Wagogo wa huko hulima uwele na mtama kwa sababu mvua yao ni chache na haina ahadi. Mwenye kupita mashambani kwa miguu angeliona hilo. Mpango ulitazama wastani wa mvua, lakini karanga hazinyweshwi na wastani. Udongo nao ulikuwa na mchanga mkali uliokula majembe ya trekta, na kiangazi mfinyanzi wake ulikaza kama saruji. Mahindi yangevunwa juu kwa juu. Karanga huzaa chini, na zinapokomaa ndipo ardhi inapojifunga.

Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Lengo la 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mradi ulifutwa Januari 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda.

Ni rahisi kuwacheka wakoloni. Ila ule mtindo wa kupima kazi kwa ekari zilizosafishwa haukuondoka nao: taarifa nyingi za kilimo bado huanza na ukubwa wa shamba. Katika wilaya hiyohiyo ya Kongwa kuna soko la nafaka la Kibaigwa, ambako malori hupakia mahindi ya wakulima wadogo, na huko mtu hapimwi kwa ekari zake bali kwa magunia aliyoleta.

Machi 2023, Chinangali, kwenye mkoa huohuo wa Dodoma, ulizinduliwa mradi wa serikali wa kilimo cha vijana, BBT (Building a Better Tomorrow). Safari hii umwagiliaji umo kwenye mpango, na hiyo ni hatua kubwa. Mimi ningependa taarifa zake zianze na mambo mawili: kijana amevuna kilo ngapi, na baada ya kulipa mbegu, mbolea na maji amebakiwa na shilingi ngapi. Ekari zije ukurasa wa pili.